Ukumbusho Usio na Masimango

Kati ya maneno tunayowafundisha watoto wanaojitayarisha kwa Komunio ya kwanza, liko moja ambalo waalimu wengi hulipita upesi, kana kwamba ni jepesi. Neno lenyewe ni ukumbusho. Mwalimu huuliza, "Misa ni nini?" Mtoto hujibu kwamba ni sadaka, tena ni ukumbusho wa sadaka aliyoitoa Bwana wetu Yesu Kristu msalabani. Mwalimu huitikia kwa kichwa, huenda kwenye swali la pili. Hakuna aulizaye: ukumbusho wa namna gani? Maana huku kwetu Dunda, na katika pwani yote ya Bagamoyo, watu hukumbuka kwa namna nyingi, wala namna hizo si moja. Ziko zinazomheshimu anayekumbukwa. Ziko pia zinazomharibia jina. Kwa hiyo twapenda kulipima neno hili polepole, kama sonara apimavyo dhahabu, tupate kujua ni lipi tunaloliweka vinywani mwa watoto wetu.

Tuanze na neno lenyewe. Kukumbuka ni kazi ya mtu ndani ya moyo wake, wala hahitaji mwenzake. Kukumbusha ni kumfanya mwingine akumbuke. Neno ukumbusho limetoka katika kukumbusha, yaani ni kitu kimjiacho mtu kutoka nje na kumshika, hata kama alikuwa amekwisha kusahau. Twajua sote jinsi neno hili linavyotumika mitaani. Mtu akibisha hodi alfajiri na kusema, "Nimekuja kukukumbusha tu," mwenye nyumba hana haja ya kuuliza zaidi. Ajua kwamba habari ya deni imefika mlangoni. Mvuvi aliyekopa nyavu ajua sauti hiyo, na mama aliyechukua mchele dukani kwa ahadi aijua vile vile. Ahadi ni deni. Basi tusemapo ukumbusho hatusemi jambo la kustarehesha moyo, kama mtu atazamaye picha ya zamani ukutani. Twasema kwamba yuko anayetukumbusha, na kwamba liko jambo linalotudai.

Sasa tutazame namna za kukumbuka tulizo nazo. Majirani zetu Waislamu wakifiwa husoma hitima, na watu huandaliwa chakula. Wakristo wengi wa hapa wamekaa mkekani katika matanga ya jirani, na majirani nao wamekaa katika matanga yetu. Ni desturi ya upendo, wala hatuitii doa. Lakini yatupasa kuona tofauti iliyopo. Katika matanga twala kwa ajili ya mtu ambaye hayupo tena. Mahali pake pa kukaa pako tupu, na maneno yetu yote ni ya wakati uliopita: alikuwa mpole, alikuwa fundi, alikuwa mcheshi. Mkristo aendaye Komunio kwa moyo huo amekwenda matangani, hakwenda Misani. Bwana wetu hakumbukwi kama marehemu, kwa kuwa amefufuka. Katika karamu hii yeye anayekumbukwa ndiye mwenye kuandaa, ndiye anayegawa, na ndiye chakula chenyewe. Hatuli kwa ajili ya asiyekuwapo. Twalishwa na aliyepo.

Wazee wa makabila yetu ya karibu, Wazaramo, Wakwere na Wadoe, walikuwa na tambiko. Walikwenda makaburini na chakula na pombe, wakawataja wazee wao kwa majina. Jambo moja katika desturi ile ni jema: hawakukubali kwamba kifo chakata ujamaa. Lakini mara nyingi hofu ndiyo iliyowasukuma. Walidhani kwamba mzee aliyesahauliwa hukasirika, akaleta ugonjwa au kuzuia mvua. Basi walimkumbuka ili awaache salama. Ukumbusho wa Kikristu hauna hofu ya namna hii. Mungu hangoji tumtulize kwa damu mpya kila Dominika. Yeye ndiye aliyeanza kutoa, nasi twakumbuka kwa sababu tumekwisha kupewa.

Mfano ulio karibu zaidi twaupata katika Idi ya kuchinja ya jirani zetu. Siku ile wao hukumbuka jinsi Ibrahimu alivyokuwa tayari kumtoa mwanawe, na jinsi Mungu alivyomwokoa mtoto kwa kuleta mnyama badala yake. Habari hiyo twaisoma nasi katika kitabu cha Mwanzo, ingawa sisi twamtaja mtoto kuwa Isaka. Tutazame nyama inavyogawanywa siku hiyo: kwa desturi liko fungu la nyumba, liko fungu la jamaa na jirani, liko na fungu la maskini. Mtu akichinja na kuifungia nyama yote ndani, majirani watasema kwamba amekula nyama, hakufanya ibada. Hapo pana somo kwetu. Ukumbusho wa sadaka usiomfikia maskini haujakamilika, hata macho ya watu wa kawaida yaliona hilo.

Tupande juu kidogo, hata kwenye usiku ule Bwana wetu alipoiweka Sakramenti hii. Usiku ule haukuwa usiku wowote tu. Ulikuwa wakati wa Pasaka ya Wayahudi, na Pasaka yenyewe, katika sura ya 12 ya kitabu cha Kutoka, imeamriwa kuwa siku ya ukumbusho. Waisraeli hawakuambiwa waketi na kusimuliana tu habari za Misri. Waliagizwa kula wakiwa wamejifunga viuno, viatu miguuni na fimbo mkononi, kama watu wanaotoka usiku huo huo. Na mpaka leo Wayahudi hufundishwa kwamba kila mtu wa kila kizazi ajihesabu kuwa yeye mwenyewe ametoka utumwani, si babu zake peke yao. Huo ndio ukumbusho wa Maandiko: jambo lililotendwa zamani humkuta mtu leo, humwingiza ndani yake, naye hawezi kubaki mtazamaji. Bwana wetu, mwana wa watu hao, alipowaambia wanafunzi wafanye vile kwa kumkumbuka, hakuwa akiomba jina lake lisisahauliwe. Aliwaingiza katika tendo lake.

Tena jambo hili halina budi kuangaliwa vizuri: agizo lile la ukumbusho twalipata kwa Luka na kwa Mtume Paulo; Mathayo na Marko wasimulia karamu bila ya neno hilo; naye Yohana, mahali tungalipotazamia mkate na kikombe, ametuwekea habari ya Bwana akiwaosha wanafunzi miguu. Wasomaji na wapime. Mwinjili mmoja atuambia tukumbuke, na mwingine atuonyesha jinsi ukumbusho unavyofanana: mkubwa ameinama na taulo kiunoni.

Na habari iliyoandikwa kwanza kabisa juu ya meza hii, kabla ya Injili zote nne, ni barua ya lawama. Paulo aliwaandikia Wakorintho yapata mwaka 54. Hakuandika kwa sababu walikuwa wameacha kukusanyika. Walikusanyika sana. Aliandika kwa sababu wenye mali walifika mapema na vyakula vyao, wakala na kunywa hata kulewa, na maskini, labda watumwa waliochelewa kazini, walipofika walikuta vyungu vitupu. Mtume hakuwaambia kwamba wameikosea sala, wala kwamba mkate wao ni mbaya. Aliwaambia kwamba wanaloлila si chakula cha Bwana, na kwamba wamewaaibisha wasio na kitu. Ndipo, ili kuwaonya, akawakumbusha yale Bwana aliyoyafanya usiku ule aliotolewa. Kwa hiyo maneno matakatifu kuliko yote tunayoyasikia altareni yalifika katika maandishi kwa mara ya kwanza kwa sababu maskini walinyimwa chakula kanisani. Nani anayeweza kuyatenga tena mambo hayo mawili?

Baada ya kuyaona hayo, turudi kwetu Bagamoyo, maana sisi tuna sababu ya pekee ya kulielewa neno sadaka na neno ukombozi. Mji wetu ulikuwa mwisho wa njia ya misafara iliyotoka Ujiji na Tabora. Pembe za ndovu zilifika hapa mabegani mwa watu, na watumwa walipakiwa katika majahazi kwenda Unguja. Mapadre wa Shirika la Roho Mtakatifu, waliokuwa wamekaa Unguja tangu mwaka 1863, walianzisha misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, Padre Antoine Horner akiwa kiongozi wao. Kanisa lao la kwanza lilikuwa la watu walionunuliwa. Mapadre walitoa fedha, wakawatoa watoto na watu wazima mikononi mwa wafanyabiashara. Sehemu ya fedha hizo ilichangwa na watoto wa Ulaya kwa njia ya Chama cha Utoto Mtakatifu, kilichoanzishwa Ufaransa mwaka 1843. Wengine waliletwa baadaye, baada ya manowari za Waingereza kuwakamata wachuuzi baharini.

Basi wakristo wale wa kwanza waliposikia kwamba Kristu ni Mkombozi, hawakuhitaji maelezo marefu. Kukomboa ni neno la watu wa pwani: mtu hukomboa kitu chake alichokiweka rehani, hutoa mali na kukichukua. Wao walikuwa wamekwisha kukombolewa mara moja kwa fedha, na bei yao waliijua. Kuambiwa kwamba mwingine amewakomboa kwa mwili wake na damu yake lilikuwa jambo walilolipima kwa vidole.

Lakini hapo hapo ilikuwapo hatari, na haki yatudai tuiseme. Mtu aliyenunuliwa kwa huruma amenunuliwa hata hivyo. Watu wale walikaa katika kijiji cha misioni, wakalima mashamba yake, wakaamka na kulala kwa kengele, na mara nyingi hata ndoa zao zilipangwa na wakubwa. Wengi walishukuru na kukaa. Wengine walinung'unika, na wengine walitoroka. Hatuandiki haya ili kuwatukana mapadre wale, ambao wengi wao walikufa vijana kwa homa na wamelala katika makaburi ya misioni. Walitoa maisha yao, na kazi yao yaonekana. Twaandika kwa sababu swali la watu wale ndilo swali la makala hii: mtu akikutolea sadaka kubwa, utaishije naye baadaye? Atakukumbushaje?

Kiswahili kina neno kali juu ya jambo hili, nalo ni masimango. Kusimanga ni kumtajia mtu wema uliomtendea ili kumdhili. Mlezi amwambia yatima, "Mimi ndimi niliyekulisha." Mjomba amwambia mpwa, "Bila ya mimi ungalikuwa wapi?" Maneno yenyewe huenda yakawa ya kweli kabisa. Yatima alilishwa kweli. Lakini tangu siku ile kila tonge humkwama kooni, na wema wote uliotangulia hugeuka kuwa kamba. Chakula chenye masimango, mwenye njaa hukikimbia. Hivyo basi iko namna ya kukumbusha sadaka ambayo huiua sadaka yenyewe. Sadaka ya kweli ni ile iliyotolewa kwa hiari, wala haikudai mtu ainame. Kutoa ni moyo, si utajiri.

Hili ndilo tunalopenda wasomaji walishike kuliko yote: ukumbusho alioutuachia Kristu hauna masimango. Fikirini jinsi alivyoupanga. Angaliweza kuagiza tusimame kila mwaka chini ya msalaba na kusomewa orodha ya mijeledi, miiba na misumari, tupate kuona haya. Hakufanya hivyo. Alichukua mkate, akaumega, akawapa. Na kati ya waliokuwa mezani alikuwapo atakayemkana na alikuwapo atakayemwuza. Ametukumbusha kifo chake kwa kutulisha. Hatuambiwi, "Tazameni niliyowafanyia". Twaambiwa tutwae na tule. Deni linatajwa, naam, lakini linatajwa na mwenye kudai akiwa ameshika sahani ya kutupatia zaidi. Nalo deni lenyewe hataki tumlipe yeye, ambaye hapungukiwi na kitu. Amewaachia hati yake wenye njaa, wafungwa, wagonjwa na wageni.

Tukiwa na kipimo hicho, na tuzitazame kumbukumbu za mawe zilizo katika nchi yetu. Katika misioni ya Bagamoyo umesimama mnara wa kanisa la zamani la mwaka 1872, nao huitwa mnara wa Livingstone. David Livingstone, msafiri kutoka Scotland, alikufa tarehe 1 Mei 1873 katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo leo ni Zambia. Wenzake Waafrika walizika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaubeba muda wa miezi mingi, zaidi ya kilometa 1,500, hata Februari 1874 wakaufikisha Bagamoyo. Wengine walikufa njiani. Mapadre Wakatoliki waliupokea mwili wa Mprotestanti huyo, ukalala misioni usiku mmoja, kisha ukavushwa Unguja na kupelekwa London, ulikozikwa Aprili 1874. Mnara una jina la aliyebebwa. Kati ya waliombeba, watu hutaja majina machache: Susi, Chuma, Jacob Wainwright. Wengine wako wapi? Jiwe ni mkumbushaji dhaifu. Humkumbuka mmoja na kuwasahau sitini. Misa si hivyo. Pale huombewa wote waliolala katika Kristu, wenye mnara na wasio na hata kijiti kaburini, na wote hutajwa mbele ya yule aliyebeba mzigo wa wote.

Ng'ambo, Mkunazini katika mji wa Unguja, liko jiwe lingine linalosema kwa nguvu zaidi. Soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873 kwa mkataba kati ya Sayyid Barghash na Waingereza, na Noeli ya mwaka ule ule liliwekwa jiwe la msingi la kanisa la Waanglikana katika uwanja wa soko hilo. Askofu Edward Steere ndiye aliyelisimamia jengo. Husimuliwa kwamba altare iliwekwa mahali penyewe palipokuwa na nguzo ambako watumwa walipigwa mijeledi, na duara la jiwe jeupe lenye ukingo mwekundu limewekwa sakafuni kuwa alama ya damu yao. Humo pia umo msalaba uliochongwa kutoka mti wa Chitambo, ambao chini yake ulizikwa moyo wa Livingstone. Twasema kwamba hapo mjenzi ameelewa maana ya ukumbusho kuliko vitabu vingi. Hakuijenga altare mbali na damu ya watu, mahali safi na patulivu. Aliiweka juu yake. Atakaye kupokea Mwili wa Bwana hapo hana njia ya kuupita mwili wa mtumwa.

Ni jambo la huzuni kwamba Wakristo, walioachiwa karamu ya umoja, wamegombana juu ya karamu hiyo kuliko juu ya jambo jingine lolote. Mwaka 1529, katika mji wa Marburg, Martin Luther wa Ujerumani na Huldrych Zwingli wa Uswisi walishindwa kupatana: Zwingli aliona mkate ni alama ya ukumbusho, Luther alishika kwamba mwili wa Bwana umo kweli. Mtaguso wa Trento wa Kanisa letu ulifundisha mwaka 1562 kwamba Misa ni sadaka ya kweli, wala si nyingine mbali na ile ya msalabani: atoaye ni yule yule, atolewaye ni yule yule, ila namna ya kutoa ndiyo iliyo tofauti, bila ya kumwaga damu. Hayo si kinyume cha Waraka kwa Waebrania, usemao kwamba alijitoa mara moja tu. Hatumchinji tena. Sadaka ni moja, nasi twafikishwa kwake.

Ugomvi huo ulifika hata Afrika ya Mashariki. Juni 1913, huko Kikuyu katika Kenya, wamisionari wa Kiprotestanti walikutana kutafuta umoja, na mwishoni Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Komunio katika kanisa la Waskoti, wakapokea na wasiokuwa Waanglikana. Askofu Frank Weston wa Unguja, Mwanglikana mwenzao, alikasirika sana, akawashtaki maaskofu wa Mombasa na Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury. Aliona kwamba Sakramenti imechezewa. Watu wengi walimwona kuwa mgumu, na huenda alikuwa mgumu. Lakini asihukumiwe kwa jambo hilo peke yake. Mwaka 1920 mtu huyo huyo aliandika kijitabu kuwalaumu watawala wa nchi yake kwa kuwafanyisha Waafrika kazi za lazima. Na mwaka 1923, mbele ya mkutano mkubwa wa Waanglikana huko London, watu waliopenda sana uvumba na tabernakulo, aliwaonya kwamba hakuna haki ya kumwabudu Yesu altareni kwa mtu asiyemhurumia Yesu katika vibanda vya maskini. Huyo alikuwa ameielewa barua kwa Wakorintho. Aliyeipenda altare kwa wivu aliona kwamba altare inamtuma nje.

Tangu siku zile Wakristo wamesogeleana kidogo. Mwaka 1982, huko Lima katika nchi ya Peru, wataalamu wa makanisa mengi, Wakatoliki miongoni mwao, walikubaliana kwamba ukumbusho wa Ekaristi si kuyawaza ya kale tu, bali tendo la Kristu lapatikana leo kwa nguvu zake. Bado hatuli mezani pamoja. Jeraha hilo nalo tulipeleke altareni, wala tusilifanye fimbo ya kumpigia jirani.

Imebaki tujipime wenyewe, kwa kuwa kazi ya kupima maneno haina faida ikiishia kwa watu wa kale.

Kwanza, Komunio ya kwanza ya watoto wetu. Siku hizi katika parokia nyingi siku hiyo imegeuka kuwa siku ya mavazi, keki, picha na muziki. Kumfurahia mtoto si dhambi. Lakini mzazi asiyekuwa na fedha za nguo nyeupe humficha mtoto wake hata mwaka ujao, kwa kuona haya. Tazameni: Korintho imerudi. Maskini ameaibishwa katika karamu ya Bwana, tena hakuna aliyemfukuza. Nguo zetu ndizo zilizomfukuza. Twaona ingefaa kila parokia iwe na mavazi ya kanisa yavaliwe na wote, ya kitambaa kimoja, na baada ya Misa watoto wote wale pamoja chini ya miembe, wa tajiri na wa mvuvi, wali mmoja katika sinia moja.

Pili, masimango ya wafadhili. Kila mahali wapo wasemao, "Bati hizi ni zangu, kengele ile niliitoa mimi," na katika mkutano wa parokia huzungumza kama wenye nyumba. Ndugu, ulitoa sadaka au ulikopesha? Kama ilikuwa sadaka, imekwisha kutoka mikononi mwako. Bwana aliyetoa damu yake hakuandika jina lake mlangoni. Nawe una nini cha kusimanga?

Tatu, wale wasiokwenda kupokea. Wamo katika kila kanisa: ambao ndoa zao bado hazijawekwa sawa, ambao wana vizuizi tusivyovijua. Hubaki benchini wakati wengine wanapita mbele yao. Sheria ya Kanisa si kazi yetu kuigeuza katika kurasa hizi. Lakini macho yetu ni yetu. Liko jicho linalomtazama mtu huyo na kumsimanga bila ya neno. Mwenye jicho hilo akirudi kutoka altareni, apaswa kujiuliza amepokea nini. Mara nyingine aliyebaki benchini analia kwa kumtamani Bwana, na aliyepokea anahesabu viatu vya watu.

Nne, ugomvi. Bwana ameagiza kwamba mtu akiileta sadaka yake na huko akakumbuka kwamba ndugu yake ana neno naye, aiache sadaka hapo, aende kwanza kupatana. Angalieni agizo hilo lilivyowekwa juu ya kukumbuka. Altare yenyewe ndiyo inayomkumbusha mtu ndugu yake. Tukiweza kufika mara mia, na kusimama, na kupiga magoti, na kuondoka, wala tusikumbuke hata siku moja yule tuliyemnyang'anya mpaka wa shamba au tuliyemkatia maneno, basi tulikuwa tukikumbuka nini muda wote huo?

Kwa hiyo twawasihi waalimu wenzetu: mtoto akijibu kwamba Misa ni ukumbusho wa sadaka, msiharakie swali la pili. Mwulizeni, nani anakumbusha, na anakumbusha nini, na kwa njia gani. Mfundisheni kwamba si hitima, kwa kuwa mwenyewe yu hai. Si tambiko la hofu, kwa kuwa Mungu ndiye aliyetangulia kutoa. Wala si masimango, kwa kuwa atukumbushaye anatulisha. Kisha mwonyesheni mlango wa kanisa, na watu waliopo nje, katika soko la samaki, katika mashua, katika vibanda vya makuti. Hao ndio walioachiwa hati ya deni letu. Mtoto akiyajua hayo kabla ya kufumbua kinywa apokee, amejua katekisimu yake.

Bwana atujalie kukumbuka kama tulivyokumbukwa. Amina.